Jinsi ya Kuchagua Mfumo Endeshi Mwepesi kwa Seva Ndogo ya Tovuti

Mtu mwenye seva ya MB 512 au GB 1 ya RAM huanza kwa kuuliza ni mfumo endeshi upi unaotumia kumbukumbu kidogo kuliko yote, na hapo ndipo anapopotea njia. Mifumo mingi inayosifiwa kwa wepesi, kama Lubuntu au Puppy Linux, ni myepesi kwa mtumiaji wa kompyuta ya mezani: madirisha na menyu zake hazilemei mashine kuukuu. Seva haina madirisha wala menyu, kwa hiyo sifa hiyo haiisaidii chochote. Kwenye seva, mfumo mwepesi ni ule unaoanza na michakato michache, unaosakinisha vifurushi ulivyoviomba bila kukokota vingine nyuma yake, na unaoweza kusasishwa kwa miaka kadhaa bila kukulazimisha kuijenga seva upya. Sifa hii ya tatu haionekani kwenye majedwali ya kulinganisha matumizi ya RAM, nayo ndiyo itakayokula muda wako mwingi kuliko zote.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesimamia seva yake mwenyewe kupitia SSH, yaani kwa kuandika amri kutoka mbali, iwe ni seva pepe ya kukodi au kompyuta ndogo iliyowekwa kwenye kona ya chumba, na ambaye haogopi kuandika amri.

Hatua ya kwanza: hesabu mzigo kabla ya kuhesabu mfumo

Tuchukue seva ya GB 1 itakayobeba tovuti ya WordPress. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ikishajitengea sehemu yake, amri ya `free -m` itaonyesha jumla ya MB 950 hivi. Debian, mmoja wa mifumo ya Linux, iliyosakinishwa bila nyongeza hutumia takriban MB 80 hadi 150 ikiwa imetulia, na mwenzake Alpine huweza kutumia chini ya MB 60. Programu ya nginx, inayopokea maombi ya wageni, inachukua MB chache tu. Hifadhidata ya MariaDB, ambayo kwa mipangilio yake ya awali inaruhusiwa kutumia MB 128 kwa akiba ya InnoDB (injini yake ya kuhifadhi data) peke yake, ikadirie kufika MB 200. Kisha inakuja PHP-FPM, inayoendesha msimbo wa PHP, ambapo kila mchakato unaohudumia WordPress huchukua MB 40 hadi 60, na zaidi ya hapo programu-jalizi zikiwa nyingi. Ukiruhusu michakato 8 umeshatumia MB 320 kwa uchache.

Sasa linganisha. Tofauti kati ya mfumo mwepesi kupindukia na mfumo mwepesi wa kawaida ni MB 60 au 80, yaani mchakato mmoja na nusu wa PHP. Ukibadili mpangilio wa PHP-FPM uitwao `pm` kutoka `dynamic` kwenda `ondemand`, ili michakato izaliwe maombi yanapokuja na kufa yanapokwisha, utaokoa kumbukumbu nyingi kuliko utakayoiokoa kwa kuhama mfumo mzima. Vivyo hivyo, anayetumia MySQL 8 kwa mipangilio yake ya awali, ambapo `performance_schema`, inayokusanya takwimu za utendaji, huwa imewashwa, ana MB nyingi za kupata hapo kabla hajafikiria kugusa mfumo endeshi.

Hesabu inageuka pale ambapo mzigo wenyewe ni mdogo. Tovuti ya kurasa tuli, au programu moja iliyoandikwa kwa Go na kuhifadhi data zake kwenye SQLite, inaweza kuishi ndani ya MB 30. Kwenye mashine ya MB 256, mfumo endeshi ndio unakuwa mlaji mkuu, na hapo kugombania MB 60 kuna maana.

Kwa hiyo, kabla ya kupakua chochote, andika orodha ya programu zitakazokaa kwenye seva, kadirio la kila moja, na jumla yake. Jumla ikizidi asilimia 70 ya RAM uliyo nayo, tatizo lako si mfumo endeshi.

Hatua ya pili: ijue mashine yenyewe

Amri ya `uname -m` hukuambia aina ya prosesa. Jibu la `x86_64` au `aarch64` linakuacha huru kuchagua karibu mfumo wowote. Ukipata `i686`, uwanja umebana: Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi wala kerneli kwa ajili ya mashine za biti 32 za ukoo huo. Prosesa kongwe za biti 64 nazo zina mpaka wao, kwa sababu mifumo ya ukoo wa Red Hat tangu toleo la 9 inadai kiwango cha x86-64-v2, na toleo la 10 la Red Hat lenyewe limepanda hadi v3.

Kama seva ni ya kukodi, endesha `systemd-detect-virt`. Jibu la `kvm` lina maana kwamba una kompyuta pepe kamili yenye kerneli yake. Jibu la `lxc` au `openvz` lina maana kwamba uko ndani ya kontena na unatumia kerneli ya mwenye mashine: kwa kawaida hutaweza kuongeza eneo la swapu (sehemu ya diski inayotumika RAM ikiisha), kupakia moduli za kerneli, wala kusakinisha FreeBSD au OpenBSD. Watu wengi hugundua jambo hili wakiwa wameshalipa.

Hatua ya tatu: hesabu miaka, si MB

Tarehe 8 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba CentOS Linux 8, ambayo watumiaji wake walitarajia masasisho hadi mwaka 2029, ingefikia kikomo tarehe 31 Desemba 2021. Waliokuwa wamejenga seva zao juu yake kwa kuamini miaka kumi walijikuta na mwaka mmoja wa kuhama. Tangu hapo nimejifunza kuuliza maswali mawili kuhusu kila mfumo: ahadi ya masasisho ni ya miaka mingapi, na ahadi hiyo inahusu vifurushi vipi hasa.

Swali la pili ndilo husahaulika. Alpine, kwa mfano, hutoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi na kulihudumia kwa miaka miwili, lakini miaka hiyo miwili ni ya hazina yake iitwayo `main`. Hazina ya `community` huhudumiwa mpaka toleo linalofuata litoke, basi. PHP na certbot, chombo cha kuomba vyeti vya HTTPS, zimo ndani ya `community`. Mwenye tovuti ya PHP juu ya Alpine, kwa hiyo, hana miaka miwili. Ana miezi sita, na akichelewa kupanda toleo anaendesha PHP isiyozibwa mianya huku akidhani bado yuko ndani ya ahadi.

Debian hutoa toleo thabiti kila baada ya miaka miwili hivi, ikalihudumia kikamilifu kwa miaka mitatu, kisha kundi la LTS (huduma ya muda mrefu) likaendelea nalo kwa miaka miwili zaidi. Ubuntu LTS hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kuhudumiwa kwa miaka mitano bila malipo ya ziada. AlmaLinux na Rocky Linux, za ukoo wa Red Hat, zinaahidi miaka kumi. OpenBSD hutoa toleo kila miezi sita na kuhudumia matoleo mawili ya mwisho tu, yaani takriban mwaka mmoja kwa kila toleo.

Mifumo isiyo na matoleo, inayopokea kila kifurushi kipya siku kinapotoka, siipendekezi kwa seva ndogo yenye msimamizi mmoja. Machi 2024 mhandisi Andres Freund alishangaa kuona kuingia kwa SSH kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya kubana faili iitwayo xz. Ndani ya Debian, matawi yaliyokuwa yameyapokea ni yale ya majaribio. Toleo thabiti lilikuwa bado linatumia xz ya zamani. Ukongwe wa vifurushi, ambao watu huulalamikia sana kuhusu Debian, siku hiyo ulikuwa ngao.

Hatua ya nne: wapime wagombea

*Debian thabiti* ndiyo ninayoianza nayo kila mara, na huiacha nikiwa na sababu tu. Vifurushi vyake ni vingi, maelekezo yake yako kila mahali, na kusasisha kutoka toleo moja hadi linalofuata ni kazi ya jioni moja. Uzito wake hutokana zaidi na namna inavyosakinishwa kuliko ilivyo yenyewe, kama tutakavyoona. Kuna badiliko moja la Debian 13 ambalo mwenye seva ndogo lazima alijue: saraka ya `/tmp` sasa hukaa ndani ya RAM, na inaruhusiwa kukua hadi nusu ya kumbukumbu yote. Kwenye mashine ya GB 1, mgeni akipakia video ya MB 300 kupitia fomu ya PHP, faili hiyo inaweza kutua kwenye RAM kabla ya kuhamishiwa diskini. Anayetaka utaratibu wa zamani aandike `systemctl mask tmp.mount` kisha awashe seva upya.

*Alpine* inastahili sifa zake. Imejengwa juu ya BusyBox (mkusanyiko wa amri ndogondogo) na maktaba ya msingi ya musl badala ya glibc, inatumia OpenRC badala ya systemd kuanzisha huduma, na usakinishaji wake mdogo diskini huchukua takriban MB 130. Inasakinishwa kwa amri moja ya `setup-alpine`, na mtu aliyezoea huimaliza kabla chai haijapoa. Gharama yake iko kwenye musl. Programu zilizokwisha kutafsiriwa kwa ajili ya glibc hazitaendeshwa moja kwa moja. Maktaba kadhaa za Python ambazo Debian huzipakua zikiwa tayari, hapa huenda zikadai kujengwa kutoka msimbo chanzo, kazi ambayo seva ya MB 512 haiiwezi. Rafu za nyuzi, yaani kumbukumbu ya kazi ya kila uzi wa programu, ni ndogo kuliko za glibc, kwa hiyo programu yenye kujiita kwa kina inaweza kuanguka hapa ilhali kwingine inatembea. Skripti zinazoanza na `#!/bin/bash` hazitatambuliwa mpaka usakinishe bash, na `ps` ya BusyBox haina uwezo wote wa ile uliyoizoea. Kabla ya toleo la 3.18 la mwaka 2023 hata majibu marefu ya DNS yalikuwa na tatizo, kwa kuwa musl haikujua kurudia swali kupitia TCP. Hayo yote yana dawa, ila kila dawa ni jioni moja ya maisha yako.

Hivyo Alpine huifaa seva yenye kazi moja iliyo wazi: nginx yenye kurasa tuli, programu moja ya Go, au kituo cha kupokea maombi na kuyagawa kwa seva nyingine. Kwa lundo la PHP, hifadhidata na skripti za watu mbalimbali, MB zinazookolewa hazilipi usumbufu.

*Ubuntu Server* ni nzito kuliko Debian kwa sababu huja na vingi, snapd, inayosimamia vifurushi vya snap, ikiwa mojawapo. Ichague pale ambapo programu unayoihitaji imeandikiwa maelekezo ya Ubuntu peke yake, na usipotumia snap, iondoe kwa `apt purge snapd`.

*AlmaLinux na Rocky Linux* ni za mtu mwenye GB 2 na kuendelea. Kisakinishi chenyewe kinataka zaidi ya GB 1, na kwenye mashine ya MB 512 amri ya kusakinisha vifurushi, `dnf`, inaweza kuuawa na kerneli ikiwa bado inasoma orodha ya vifurushi. Kinachovutia hapa ni ile miaka kumi, pamoja na SELinux, ulinzi wa ziada wa kerneli, inayokuja ikiwa imewashwa.

*OpenBSD na FreeBSD* hazimo kwenye ukoo wa Linux, lakini kuziacha nje ya orodha kungekuwa dhuluma. OpenBSD huja na seva yake ya wavuti iitwayo `httpd`, chombo cha kuomba vyeti kiitwacho `acme-client`, na ngome ya mtandao ya `pf`, vyote vikiwa sehemu ya mfumo wenyewe, kwa hiyo tovuti tuli yenye HTTPS inaweza kusimama bila kusakinisha kifurushi hata kimoja. Sharti lake ni kupanda toleo kila baada ya miezi sita hivi kwa `sysupgrade`. FreeBSD ina jails, utaratibu wa kutenganisha huduma uliokuwemo tangu toleo la 4.0 la mwaka 2000; kwenye RAM ndogo isakinishe juu ya mfumo wa faili wa UFS, maana ule wa ZFS hupenda kumbukumbu.

Hatua ya tano: jaribu wawili, usibishane na wengi

Chagua wagombea wawili, tengeneza kompyuta pepe mbili zenye RAM ileile itakayokuwa kwenye seva halisi, na uweke kwenye kila moja nakala ya tovuti yako yenyewe. Kupima mfumo mtupu ni kujidanganya.

Endesha `free -m` na usome safu ya `available`, si ya `free`. Linux hutumia RAM iliyolala kuhifadhi faili zilizosomwa karibuni na kuiachia mara inapohitajika, hivyo safu ya `free` huonekana ndogo hata kwenye mashine yenye nafasi tele. Kisha tazama nani anakula nini:

`ps -eo rss,comm --sort=-rss | head`

Kwenye Alpine sakinisha kwanza kifurushi cha `procps` ili amri hiyo ikubali. Jihadhari na jumla: safu ya `rss` huhesabu kumbukumbu inayoshirikiwa mara moja kwa kila mchakato, kwa hiyo michakato 8 ya PHP huonekana mikubwa kuliko ilivyo. Kwenye Debian, programu ya `smem` inagawa sehemu ya pamoja na kutoa hesabu ya haki kwenye safu ya PSS.

Halafu, kutoka kompyuta nyingine, ipe tovuti mzigo kwa `ab`, chombo kinachopatikana ndani ya kifurushi cha `apache2-utils`:

`ab -n 2000 -c 20 https://anwani-ya-jaribio/`

Wakati maombi hayo 2000 yanakimbia, kaa kwenye terminali ya seva ukitazama `available` ikishuka. Mfumo ambao chini ya mzigo unabaki na MB 150 za akiba umefaulu. Ukiona ujumbe wa `Out of memory` kwenye rekodi za kerneli, mchakato umeuawa, na mara nyingi anayeuawa ni hifadhidata, kwa kuwa ndiyo kubwa kuliko wenzake.

Hatua ya sita: sakinisha kwa mkono mzito

Nitaeleza kwa Debian, kwa sababu ndiko wepesi unakopotezwa kwa kubonyeza. Tumia picha ya netinst, faili ndogo ya kusakinisha inayopakua vifurushi mtandaoni. Kisakinishi kikifika kwenye orodha ya makundi ya programu, ondoa alama kwenye mazingira ya mezani, bakiza seva ya SSH na zana za kawaida za mfumo, kisha endelea. Baada ya hapo sakinisha kila kitu kwa `apt install --no-install-recommends`, ili vifurushi vinavyopendekezwa visifuatane na vinavyohitajika. Soma orodha kabla ya kukubali, kwani mara chache pendekezo moja ni la lazima kwa matumizi yako.

Endesha `ss -tlnp` na uhakikishe unaweza kueleza kila mlango ulio wazi. Kwa tovuti ya kawaida inatakiwa 22, 80 na 443 ionekane kwa dunia, na hifadhidata isikilize kwenye 127.0.0.1 tu. Zima uingiaji wa nywila kwenye SSH baada ya kuhakikisha kwamba ufunguo wako unafanya kazi, na ujaribu katika terminali ya pili kabla ya kuifunga ya kwanza.

Ongeza swapu ya GB 1, si kwa ajili ya kuitegemea, bali ili wimbi la ghafla lisimuue MariaDB:

`fallocate -l 1G /swapfile`
`chmod 600 /swapfile`
`mkswap /swapfile`
`swapon /swapfile`

Kisha ongeza mstari wa `/swapfile none swap sw 0 0` kwenye `/etc/fstab`.

Diski nayo ina ulevi wake. Niliwahi kuacha PHP iandike kila onyo kwenye faili moja isiyo na kikomo, na baada ya wiki chache diski ya GB 10 ilijaa, hifadhidata ikakataa kuandika, na tovuti ikaanguka usiku wa manane huku RAM ikiwa nusu tupu. Tangu siku hiyo, `SystemMaxUse=100M`, kikomo cha rekodi za mfumo, huingia kwenye `/etc/systemd/journald.conf` kabla ya tovuti yenyewe, na faili za rekodi za nginx na PHP hupewa logrotate, inayozizungusha na kufuta za zamani.

Mwisho wa usakinishaji, weka `unattended-upgrades` ili masasisho ya usalama yajiingize yenyewe. Kumbuka kwamba kerneli mpya haianzi kutumika mpaka seva iwashwe upya, hivyo panga saa ya kufanya hivyo kila mwezi.

Hatua ya saba: washa upya, kisha andika tarehe

Kabla ya kuielekeza anwani ya tovuti kwenye seva mpya, izime na kuiwasha mara moja ukiwa umekaa mbele yake. Huduma iliyosahaulika kuwekwa kwenye orodha ya kuanza hujulikana hapa: kwenye Debian ni `systemctl enable`, kwenye Alpine ni `rc-update add nginx default`. Angalia pia kama swapu imerudi na kama cheti cha HTTPS kinajihuisha, kwa kuwa vyeti vya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90 tu. Amri ya `certbot renew --dry-run` itakujibu bila kugusa cheti kilichopo.

Kisha fungua kalenda uandike siku ambayo masasisho ya mfumo uliouchagua yanakoma, na siku nyingine miezi miwili kabla yake. Kwa Debian 13, huduma kamili inafika Agosti 2028, kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi ni Juni mwaka huo: utajenga seva ya pili pembeni kwenye toleo linalofuata, utarejesha humo nakala rudufu ya tovuti, utarudia kipimo cha `ab`, na kuielekeza anwani huko ikishaitika, huku ya zamani ikibaki imewashwa kwa wiki moja endapo kuna ulichokisahau.